Ruzuku za Umma kwa Asasi za Kujitolea: Stakabadhi, Matokeo, au Ruzuku ya Msingi?

Serikali inapoipa asasi ya kujitolea fedha za walipakodi ili ihudumie wagonjwa majumbani, ilee watoto wasio na walezi au ifundishe vijana ufundi, maswali mawili huzaliwa papo hapo. La kwanza huulizwa asasi: fedha ulizopewa zimefanya kazi gani? La pili huulizwa serikali yenyewe: kwa nini ulimpa huyu ukamwacha yule, nani aliyeamua, kwa vigezo gani, na baada ya kutoa ulifuatilia vipi? Miongozo mingi ya ruzuku hutumia kurasa kadhaa kwa swali la kwanza, na la pili huliachia aya moja tu. Makala haya yanalinganisha njia tatu ambazo serikali hutumia kusimamia ruzuku hizo, ili kumsaidia afisa masuuli, yaani mtumishi wa serikali anayewajibika kwa fedha za ofisi yake, anayeandaa mwongozo, na pia bodi ya asasi inayotaka kujua inaweka saini kwenye mkataba wa namna gani. Kila njia nitaipima kwa maswali yote mawili, kwa kuwa naamini njia inayojibu la kwanza pekee haijawajibika kwa mlipakodi.

Msingi wa kimataifa wa jambo hili una umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Azimio la Lima la mwaka 1977, ambalo ndilo waraka mama wa taasisi kuu za ukaguzi wa hesabu za serikali duniani, linataka taasisi hizo ziwe na mamlaka ya kukagua matumizi ya ruzuku zitokanazo na fedha za umma. Linaongeza kwamba ruzuku inapokuwa kubwa sana, ama kwa kiasi chake ama ikilinganishwa na mapato na mtaji wa aliyeipokea, ukaguzi unaweza kupanuliwa hadi kwenye usimamizi mzima wa fedha wa asasi hiyo, na kwamba ruzuku iliyotumiwa isivyopasa irejeshwe. Ndani ya maneno hayo mna kanuni ambayo watungaji wengi wa miongozo huisahau: kina cha ukaguzi hufuata ukubwa wa fedha na ukubwa wa hatari. Asasi inayopokea fedha za kununulia vitabu vya maktaba ndogo haipaswi kukaguliwa kwa kipimo kile kile cha asasi inayoendesha hospitali.

Njia ya stakabadhi

Hii ndiyo njia kongwe na ndiyo inayojulikana zaidi. Mkataba huambatana na bajeti iliyogawanywa kwa mafungu: mishahara, usafiri, vifaa, mafunzo, pango la ofisi. Asasi hutumia kwa kufuata mafungu hayo, hutunza stakabadhi na hati za malipo, na huomba kibali kabla ya kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine. Malipo hutoka kwa awamu, na awamu inayofuata husubiri marejesho ya iliyotangulia yakubaliwe. Katika sura yake kali zaidi, asasi hutumia fedha zake kwanza kisha hudai kurudishiwa.

Fadhila ya njia hii ni kwamba inaacha nyayo. Mkaguzi anaweza kuanza na kiasi kilichotajwa kwenye taarifa akafika hadi kwenye mkono uliopokea fedha, na hoja za ukaguzi zinapoibuka kuna karatasi ya kuzijibu. Kwa asasi changa isiyo na mhasibu mwenye uzoefu, nidhamu ya mafungu ni shule nzuri, na nimeona vikundi vilivyojifunza kutunza hesabu kwa sababu tu mfadhili alidai hivyo.

Kasoro yake ni kwamba stakabadhi huthibitisha kuwa kitu kilinunuliwa. Haithibitishi kuwa mtu alisaidika. Niliwahi kuwa mweka hazina wa kikundi kidogo kilichotembelea wagonjwa majumbani kwa ruzuku ya umma. Taarifa yetu ya robo mwaka ilirudishwa mara tatu kwa sababu wahudumu walikuwa wakipanda vyombo vya usafiri visivyotoa stakabadhi, na nauli zao hazikuwa na ushahidi uliokubalika. Katika miezi yote tuliyoandikiana na ofisi ile, hakuna aliyeuliza ni wagonjwa wangapi waliotembelewa wala hali zao zilikuwaje. Fedha za awamu ya pili zilipofika, wahudumu wawili walikuwa wameshaacha kazi. Simlaumu afisa aliyezirudisha karatasi zile, maana alikuwa akifanya alichoandikiwa kufanya, lakini aliyemwandikia hivyo alikuwa amechagua kuona nauli na kutomwona mgonjwa.

Kanada inaonyesha jinsi njia hii inavyoweza kukazwa hadi ikaumiza. Mnamo Januari 2000, wizara ya serikali ya shirikisho iliyoshughulikia maendeleo ya rasilimali watu ilitoa hadharani ukaguzi wa ndani wa majalada 459 ya ruzuku na michango. Katika majalada manane kati ya kila kumi hapakuwa na ushahidi kwamba maofisa walifuatilia matumizi ya fedha. Kelele zilizofuata zilizungumzia dola bilioni moja zilizopotea, ingawa mapitio ya baadaye yalionyesha kwamba fedha zilizostahili kurudishwa zilikuwa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, na kwamba kilichokosekana zaidi kilikuwa nyaraka na ufuatiliaji wa serikali yenyewe. Hata hivyo dawa ilimwagwa upande wa pili: masharti ya kutoa taarifa yaliongezwa juu ya asasi, moja juu ya jingine, hadi jopo huru lililoteuliwa na serikali liliporipoti Desemba 2006 kwamba mzigo wa kanuni umepita kiasi, na kwamba kurahisisha utaratibu na kuimarisha uwajibikaji ni mambo yanayoweza kwenda pamoja. Sera mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2008 ilitaka udhibiti ulingane na hatari ya kila mpokeaji. Kwa miaka kadhaa kati ya ukaguzi ule na sera hii, waliobeba adhabu ya majalada yasiyofuatiliwa hawakuwa watunzaji wa majalada.

Ireland imeiendesha njia hii kwa namna iliyo na busara zaidi. Waraka wake namba 13 wa mwaka 2014 unashikilia kwamba kwa kawaida ruzuku hulipwa kwa matumizi yaliyothibitishwa, na kwamba kutanguliza fedha kabla hazijahitajika kunataka kibali maalumu. Lakini waraka huohuo unaitaka asasi iandike ndani ya hesabu zake za mwaka jina la taasisi iliyotoa ruzuku, madhumuni yake na kiasi chake, pamoja na idadi ya watumishi wanaolipwa zaidi ya euro 60,000, wakipangwa kwa madaraja ya euro 10,000. Sharti hilo la mwisho ni jepesi kulitimiza, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko kabati zima la stakabadhi, kwa sababu mwananchi yeyote anaweza kulisoma na kuuliza.

Njia ya matokeo

Njia ya pili inaliacha swali la fedha zilitumikaje na kushika swali la nini kimebadilika. Serikali na asasi hukubaliana juu ya matokeo, kwa mfano idadi ya vijana watakaopata kazi na kudumu nayo, na malipo hutolewa matokeo hayo yanapothibitishwa. Jinsi asasi inavyogawa fedha kati ya mishahara na usafiri si jambo la serikali.

Kwa karatasi, hakuna njia inayovutia kuliko hii. Inaipa asasi uhuru wa kubadili mbinu katikati ya safari, inalipa kazi na si karatasi, na inamruhusu waziri kusimama mbele ya Bunge akasema hakulipa bure. Mfano unaotajwa mara nyingi ni mpango ulioanzishwa Septemba 2010 katika gereza la Peterborough nchini Uingereza, ambapo wawekezaji walitoa takriban pauni milioni 5 ili asasi ziwasaidie wanaume waliomaliza vifungo vya chini ya miezi 12, na serikali ikaahidi kuwalipa wawekezaji hao endapo makosa ya kurudia yangepungua. Mwaka 2014 ilitangazwa kwamba kundi la kwanza limepunguza makosa kwa asilimia 8.4 likilinganishwa na wafungwa wa aina hiyo kwingineko nchini. Kiwango hicho hakikufikia asilimia 10 iliyohitajika kwa kundi moja. Mwaka 2017, makundi mawili yalipohesabiwa pamoja, punguzo lilifika asilimia 9, juu ya kiwango cha asilimia 7.5 kilichowekwa kwa jumla, na wawekezaji wakalipwa.

Wanaousifu mpango huo mara nyingi huruka mambo mawili. Kwanza, aliyebeba hatari ya kusubiri miaka kadhaa alikuwa mwekezaji. Asasi zililipwa mishahara yao wakati kazi inaendelea. Serikali inayonakili malipo kwa matokeo bila kumtafuta mbebaji wa hatari inaitwika asasi mzigo ambao Peterborough haikuubeba. Pili, palikuwa na kipimo kilicho wazi, yaani hukumu zilizoandikwa mahakamani, na palikuwa na kundi la kulinganishia. Kazi nyingi za asasi hazina bahati hiyo. Mjane aliyesindikizwa katika msiba, mtoto aliyeanza kumwamini mtu mzima kwa mara ya kwanza, mzee aliyefia nyumbani akiwa ameshikwa mkono: haya ni matokeo, na ni makubwa, lakini atakayeyapachika bei ya kila kimoja atajikuta anapima kitu kingine.

Mpango mwingine wa Uingereza, ule wa kuwatafutia kazi wasio na ajira ulioanza Juni 2011, unaonyesha upande wa pili. Sehemu kubwa ya malipo ilitolewa baada ya mtu kukaa kazini miezi mitatu au sita kutegemea kundi lake, kisha malipo ya ziada kadiri alivyodumu. Asasi za kujitolea ziliingia zaidi kama wakandarasi wadogo chini ya kampuni kubwa. Tathmini zilizofuata zilieleza jambo ambalo wengi walikuwa wamelihofia: walio karibu na ajira walihudumiwa kwanza, na walio mbali nayo, wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, waliwekwa kando, ijapokuwa malipo ya kuwahudumia yalipangwa kuwa makubwa zaidi. Hapakuhitajika mtu mwovu ili hilo litokee. Asasi ambayo mishahara yake ya mwezi ujao inategemea nani atapata kazi mwezi huu itamchagua yule atakayeipata.

Ruzuku ya msingi na ukaguzi mmoja

Katika njia ya tatu serikali haifadhili mradi mmoja mmoja. Inaufadhili mpango wa asasi nzima kwa miaka miwili, mitatu au zaidi, pamoja na pango la ofisi, mhasibu, mafunzo ya watumishi na mambo mengine yasiyopigwa picha. Fedha hutangulizwa kwa robo mwaka au nusu mwaka. Asasi huwasilisha mpango, taarifa moja ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi huru, na ofisi zote za serikali zinazoifadhili hupokea nyaraka hizo hizo badala ya kila moja kutunga fomu yake.

Marekani si mfano wa ruzuku ya msingi, kwa sababu ruzuku zake nyingi ni za miradi, lakini ndiyo iliyolifikisha mbali wazo la ukaguzi mmoja. Sheria yake ya mwaka 1984 ilianza na serikali za majimbo na za mitaa, na marekebisho ya mwaka 1996 yakaziingiza asasi zisizo za faida. Badala ya kila idara kutuma wakaguzi wake, asasi iliyotumia fedha za shirikisho kufikia kiwango fulani hufanyiwa ukaguzi mmoja wa mwaka unaogusa fedha zote hizo. Kiwango hicho kilikuwa dola 750,000 kwa miaka ya fedha iliyoanza kuanzia mwishoni mwa 2014, na kimepandishwa hadi dola milioni moja kwa miaka ya fedha inayoanza tarehe 1 Oktoba 2024 au baada ya hapo. Aliye chini ya kiwango hakwepi uwajibikaji, kwa kuwa vitabu vyake lazima viwe tayari kufunguliwa. Ameondolewa tu gharama ya ukaguzi usiolingana na fedha alizopokea. Pia, asasi isiyo na makubaliano maalumu kuhusu gharama za uendeshaji inaweza kudai kiwango cha jumla bila kukithibitisha kwa stakabadhi: kilikuwa asilimia 10, na tangu Oktoba 2024 kimekuwa hadi asilimia 15. Uingereza nayo ilikubali katika mapitio ya Hazina ya mwaka 2002 kwamba asasi inayotoa huduma kwa niaba ya umma ina haki ya kuingiza katika bei yake sehemu halali ya gharama za uendeshaji, ingawa kukubali kanuni na kuilipa ni mambo mawili.

Udhaifu wa njia hii usifichwe. Inategemea bodi inayofanya kazi kweli, na mkaguzi ambaye si rafiki wa mwenyekiti. Huchelewa kuonyesha tatizo: hata katika utaratibu wa Marekani asasi inaweza kuwasilisha ukaguzi hadi miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kufungwa, na katika miezi hiyo mengi yanaweza kuharibika. Tena hujenga mazoea, kwa maana aliyepewa mwaka jana hupewa mwaka huu, na asasi mpya yenye wazo bora hubaki mlangoni. Hati safi ya mkaguzi, tusisahau, husema hesabu ni sahihi. Haisemi kazi ni nzuri.

Zikiwekwa bega kwa bega

Tukianza na fedha mkononi, njia ya stakabadhi inayolipa baada ya matumizi na njia ya matokeo zote mbili huitaka asasi iwe na akiba, na hivyo huzichuja asasi ndogo bila mtu yeyote kutamka kwamba zimechujwa. Ruzuku ya msingi inayotangulizwa haina kichujio hicho, lakini inahamishia hatari kwa serikali, ambayo inaweza kutoa fedha leo na kesho ikakuta ofisi imefungwa.

Kwa upande wa udanganyifu, kila njia huzalisha ulaghai wa aina yake, na anayechagua njia anachagua pia ulaghai atakaopambana nao. Penye stakabadhi zitatafutwa stakabadhi za kughushi na semina zisizofanyika. Penye matokeo zitapambwa takwimu na kuchaguliwa wateja wepesi. Penye ruzuku ya msingi ulaghai wa wazi ni mchache, ila uzembe ni mwingi, na uzembe hauna jalada ambalo mkaguzi anaweza kulifungua. Binafsi, wa kwanza kati ya hizi ndio unaonitisha kidogo zaidi kwa sababu hugundulika. Wa pili ndio unaonisumbua sana, kwa kuwa takwimu iliyopambwa huwa sera ya mwaka unaofuata.

Kuhusu gharama za usimamizi, ya matokeo ndiyo ghali kupita zote ikifanywa inavyotakiwa, kwani hutaka kundi la kulinganishia, mpimaji huru na mkataba ulioandikwa na wanasheria wazuri. Ya stakabadhi huonekana rahisi kwa sababu gharama yake kubwa imefichwa ndani ya asasi, katika saa za watumishi ambazo hakuna anayezihesabu.

Liko pia suala la sauti. Asasi nyingi hazitoi huduma tu. Huiambia serikali pale inapokosea. Februari 2016 serikali ya Uingereza ilitangaza kifungu cha kuzuia fedha za ruzuku zisitumike kuishawishi serikali au Bunge, ikalazimika kukisimamisha Aprili mwaka huohuo baada ya pingamizi kubwa, na Desemba ikatoa viwango vya jumla vya ruzuku badala yake. Mkataba wa mafungu unaweza kutumika kirahisi kunyamazisha, maana fungu la utafiti au la mikutano likifutwa, sauti imefutika bila sheria yoyote kutajwa. Ruzuku ya msingi huacha nafasi zaidi, ilimradi asasi haiogopi kwamba mwaka wa kuhuishwa mkataba utakuwa mwaka wa kulipiziwa.

Swali ambalo njia zote tatu huliacha wazi

Mpaka hapa nimezungumzia zaidi asasi. Lakini fedha huanza safari kwa uamuzi wa serikali, na makosa mazito niyajuayo katika eneo hili yametokea kabla asasi haijapokea hata senti.

Nchini Australia, mpango wa ruzuku wa dola milioni 100 za nchi hiyo kwa viwanja na majengo ya vilabu vya michezo ulifadhili miradi 684. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi iliripoti Januari 2020 kwamba uteuzi haukuongozwa na tathmini stahiki, na kwamba ofisi ya waziri iliendesha mchakato wake sambamba ulioyatazama majimbo ya uchaguzi. Katika awamu ya tatu, asilimia 73 ya miradi iliyoidhinishwa haikuwamo katika orodha iliyopendekezwa na taasisi ya michezo iliyopewa kazi ya kuipima. Vilabu vilivyoshindwa vilikuwa vimejaza fomu kwa uaminifu, watu wakijitolea jioni zao baada ya kazi, na alama walizopata hazikuwa na maana. Hakuna stakabadhi, kipimo cha matokeo wala ukaguzi wa mwaka ambao ungelionyesha hilo, kwa sababu vilabu vilivyopewa huenda vilitumia kila dola ipasavyo.

Uingereza inatupa mfano wa aina nyingine. Kids Company, asasi ya watoto iliyoanzishwa mwaka 1996, ilifungwa Agosti 2015. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilihesabu kwamba ilikuwa imepokea fedha za umma zisizopungua pauni milioni 46, ambapo milioni 42 zilitoka serikali kuu. Maofisa walieleza wasiwasi juu ya hali yake ya kifedha kwa miaka mingi, ruzuku ikaendelea kutoka wizara moja hadi nyingine. Kiangazi kile, katibu mkuu wa ofisi ya baraza la mawaziri alishauri pauni milioni 3 zaidi zisitolewe. Mawaziri wakatoa maelekezo ya maandishi zitolewe, na wiki chache baadaye asasi ikafungwa. Haki inadai iongezwe kwamba mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwazuia wadhamini na aliyekuwa mtendaji mkuu wa asasi hiyo kuwa wakurugenzi. Ninachokitilia mkazo hapa ni yale maelekezo ya maandishi. Chombo hicho hakikuokoa fedha, lakini kilihakikisha kwamba alipoulizwa nani aliyeamua, jibu lilikuwapo, lenye tarehe na saini. Nchi isiyo na chombo cha namna hiyo humwacha afisa masuuli abebe lawama ya uamuzi alioupinga.

Kuchagua

Ruzuku ikiwa ndogo na asasi ikiwa ya watu wachache wa kujitolea, sioni sababu ya kutumia stakabadhi za kina wala malipo kwa matokeo. Itangulizwe yote kwa mkupuo mmoja, asasi iandike ukurasa mmoja au miwili wa kilichofanyika, itunze vitabu vyake, na serikali itembelee baadhi ya wapokeaji bila kuchagua kwa upendeleo. Mwananchi anayeona ruzuku hiyo imetangazwa hadharani kwa jina na kiasi ni mkaguzi mzuri kuliko fomu, kwa maana anaishi jirani na kazi yenyewe.

Asasi ikiwa changa na fedha zikiwa za kati, njia ya stakabadhi inafaa kwa mwaka wa kwanza au miwili, kwa masharti kwamba awamu ya kwanza itangulizwe, kwamba uhamisho mdogo kati ya mafungu usihitaji kibali, na kwamba mkataba utaje siku asasi itakapohama kwenda kwenye utaratibu mwepesi ikionyesha uaminifu. Udhibiti usio na mlango wa kutokea huwa kifungo, hata kwa wanaostahili kuaminiwa.

Malipo kwa matokeo ningeyapendekeza pale tu mambo manne yanapokutana: matokeo yanahesabika bila mabishano, yako zaidi mikononi mwa asasi kuliko mikononi mwa hali ya uchumi, asasi ina akiba au mtu wa tatu amebeba hatari, na kuna fedha za kumlipa mpimaji huru. Likikosekana moja, isiwe zaidi ya sehemu ndogo ya malipo iliyoongezwa juu ya ruzuku ya kawaida. Na kwa huduma za watu walio dhaifu kupita wote, nisingeyatumia kabisa. Najua wapo wanaoona huo ni woga.

Kwa asasi iliyokomaa, yenye bodi hai na rekodi ya miaka kadhaa, inayofadhiliwa na ofisi zaidi ya moja, ruzuku ya msingi ya miaka mitatu pamoja na ukaguzi mmoja ndiyo chaguo langu, ikiambatana na mazungumzo ya nusu mwaka ambayo huziba pengo la ukaguzi unaochelewa. Mazungumzo hayo yawe ya kweli, afisa akiwa ameshasoma hesabu, akiuliza juu ya akiba, madeni na kodi zisizolipwa kabla ya kuuliza juu ya sherehe ya uzinduzi.

Bodi inayopewa mkataba wowote kati ya hii isiangalie vifungu vinavyoifunga yenyewe tu. Itafute vinavyoifunga serikali: siku ngapi baada ya taarifa kuwasilishwa malipo yatatoka, na nini kitafuata yakichelewa, wapi sababu za uteuzi zimeandikwa, na kama waombaji waliokataliwa watapewa alama zao, nani ataarifiwa waziri akiamua kinyume cha ushauri wa maofisa. Kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Australia humtaka waziri aandike msingi wa uamuzi wake na amwarifu waziri wa fedha pale anapoidhinisha ruzuku ambayo maofisa walishauri ikataliwe, na kila ruzuku huchapishwa katika tovuti moja ya serikali ndani ya siku 21 tangu makubaliano yaanze. Mpango ule wa viwanja ulikuwa umepitia taasisi ambayo kanuni hizo hazikuigusa, na baadaye zilipanuliwa ili kuziba mwanya huo.

Kifungu kinachokosekana mara nyingi kuliko vyote ni cha siku ruzuku inapokatika. Mkataba uitaje ofisi ya serikali itakayowapokea waliokuwa wakihudumiwa, muda wa taarifa utakaotolewa kabla ya kusitisha, na fedha za kuwalipa watumishi wakati wa makabidhiano. Kids Company ilipofungwa, halmashauri za mitaa zilizopaswa kuwapokea watoto na vijana wake ziliarifiwa siku zilezile milango ilipokuwa ikifungwa.